Filamu nne za urafiki usiotarajiwa: ipi umwekee nani

Ombi huwa moja: "Nitafutie kitu kidogo, cha kutuliza moyo." Na hadithi nayo huwa moja. Kuna mtu aliyejifungia, mara nyingi mgane au mtu aliyeachishwa kazi. Anatokea mgeni ambaye hakualikwa. Mwenyewe ananuna, anazoea, na filamu ikikaribia kwisha amepata tena sababu ya kuamka asubuhi. Kwa kuwa hadithi zinafanana, watu huchagua kwa kuangalia bango na tabasamu lililochorwa juu yake, na hapo ndipo jioni huharibika. Filamu hizi hazipishani sana zinakoishia. Zinapishana katika kidonda zinachokifungua ili zifike huko, na muda zinaokiacha wazi. Aliyezika mwenzi wake juzi hawezi kuwekewa filamu yoyote ile eti kwa kuwa watu wameisifu kwamba inachangamsha.

Tunazilinganisha nne. Mbili ni za mwongozaji mmoja, Mmarekani Tom McCarthy: The Station Agent (2003) na The Visitor (2007). Ya tatu ni Central do Brasil (1998) ya Walter Salles, Mbrazili. Ya nne ni En man som heter Ove (2015) ya Hannes Holm, Mswidi. Miisho inaguswa humu, maana huwezi kueleza kidonda bila kusema kama kilipona.

Muda, lugha, umri

Fupi kuliko zote ni The Station Agent, kama saa moja na nusu. The Visitor ina dakika 104, Central do Brasil kama 110, na Ove 116. Kwa kundi lililochoka, dakika ishirini na kitu za tofauti ndizo zinazoamua nani atasinzia. Mbili za McCarthy ni za Kiingereza. Ya Salles ni Kireno, ya Holm ni Kiswidi chenye Kiajemi kidogo ndani yake, kwa hiyo hizi mbili zinahitaji mtu anayesoma maandishi ya chini (tafsiri inayopita chini ya picha) bila kuhangaika.

Kuhusu umri, daraja za Marekani zinaweza kupotosha. The Station Agent na Central do Brasil zote zina R (aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima), lakini R zenyewe hazilingani. Ya kwanza ni ya matusi na bangi kidogo. Ya pili inaonyesha mtoto anayeuzwa. Ove ina PG-13 tu (tahadhari kwa walio chini ya miaka 13), na ndiyo ambayo sisi tungesita zaidi kumwekea mtoto. Sababu tutaifikia.

Kwanza angalia mikono

Kipimo tunachokiamini kuliko nyota za wakosoaji ni hiki: je, hawa marafiki wana kitu wanachokifanya pamoja kwa mikono? Katika filamu dhaifu za aina hii, mzee na kijana hukaa kwenye benchi na kuambiana mambo ya hekima. Kisha muziki unapanda, unatakiwa ulie. Katika hizi nne kuna kazi. Treni, ngoma, barua, usukani wa gari. Maneno ya kina ni machache, na yanayotoka hutoka wakati watu wameshughulika na jambo jingine. Hivyo ndivyo urafiki unavyoshika hata nje ya filamu, ndiyo maana mtazamaji anauamini bila kuombwa.

The Station Agent: upweke wa kuchagua

Finbar McBride, anayeigizwa na Peter Dinklage, ni mtu mfupi sana wa kimo ambaye amechoka kutazamwa. Anafanya kazi katika duka la treni za mfano. Mwenye duka anaanguka na kufa, na katika wosia amemwachia kipande cha ardhi chenye stesheni iliyoachwa, huko Newfoundland, jimbo la New Jersey. Fin anahamia kule akitafuta kimya. Asubuhi ya kwanza anakuta gari la kuuza kahawa na vitafunio limeegeshwa mlangoni pake, na ndani yake yumo Joe (Bobby Cannavale), kijana anayemshikia baba yake biashara, mwenye mdomo usiotulia. Kisha kuna Olivia (Patricia Clarkson), mchoraji aliyefiwa na mwanawe, ambaye anakaribia kumgonga Fin kwa gari mara mbili.

Filamu ilitengenezwa kwa takriban dola 500,000, na ufinyu huo umegeuzwa kuwa mtindo. Hakuna cha kuonyesha ila reli, baraza la stesheni, daraja na watu watatu wanaotembea. Ukiona vyaelea, vimeundwa: hiki kinachoonekana kama uvivu wa hadithi kimepimwa kwa dakika. Mfano ni pale Joe anapoomba akae karibu na Fin anayesoma kitabu, akiahidi kwamba hatasema neno. Anakaa. Hatimaye anauliza swali. Fin anamkumbusha ahadi yake, Joe anajitetea kwamba amenyamaza kama dakika ishirini nzima. Ni tisa, anasema Fin, aliyekuwa akihesabu. Hapo ndipo urafiki unapoanza, maana mtu asiyejali hahesabu.

Kidonda hapa ni cha aina mbili. Cha Fin ni kutazamwa, na filamu haikitibu kwa kuwafanya watu waache kumtazama. Wanaendelea. Kinachobadilika ni kwamba anaenda darasani kwa msichana mdogo, Cleo, kuzungumza habari za treni, akijua kabisa kwamba atatazamwa. Cha Olivia ni kizito zaidi: kuelekea mwisho anajaribu kujitoa uhai kwa vidonge. Hakionyeshwi kwa kirefu, lakini kipo, na mtu aliyeambiwa kwamba hii ni vichekesho atashtuka. Mwambie mapema.

Inapokwama ni kwa mtazamaji anayengoja "mambo yaanze". Hayataanza. Mtu wa namna hiyo ukimwekea filamu hii atachukua simu kabla ya nusu saa, na si kosa lake. Lakini kwa aliyehamia mahali papya, au kwa yule asemaye hahitaji watu huku akifurahi ukipiga hodi, hatujaona inayoipita. McCarthy alipata tuzo ya mswada kwenye tamasha la Sundance na BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mswada pia, na ukisikiliza jinsi watu wanavyokatizana utajua zilitolewa kwa nini.

The Visitor: lengo jipya linaloanza pale lilipopotea rafiki

Mwongozaji ni yuleyule, na mpangilio unafanana kiasi kwamba ni rahisi kudhani ukiipenda moja utaipenda ya pili. Haiko hivyo. Ya kwanza inafunga mlango kwa upole. Hii inauacha wazi na upepo unaingia.

Walter Vale (Richard Jenkins, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji huu) ni profesa wa uchumi huko Connecticut, mgane, mkewe alikuwa mpiga piano. Amefundisha somo lilelile kwa miaka mingi. Kuna picha moja ya sekunde chache inayomweleza kuliko hotuba: anachukua wino mweupe wa kufutia, anapaka juu ya mwaka ulio kwenye ratiba ya somo, anaandika mwaka mpya. Anajaribu kujifunza piano na haiwezi. Anakwenda New York kusoma karatasi ya kitaaluma ambayo hata hakuiandika kwa dhati, na katika nyumba yake ya huko anawakuta wapangaji waliotapeliwa: Tarek, Msyria mpiga djembe (ngoma ya Afrika Magharibi), na Zainab, Msenegali mtengeneza vipuli na mikufu. Anawaruhusu walale. Tarek anaanza kumfundisha ngoma.

Nusu ya kwanza ni furaha tupu, na namna ya kufundisha imeonyeshwa vizuri. Walter amezoea kuhesabu nne, kama piano ilivyomzoeza. Tarek anamwambia hesabu ni tatu, na kisha kwamba aache kufikiri. Tazama mabega ya Jenkins katika masomo hayo: yanashuka kidogo kila mara, na hakuna anayeyataja.

Kisha Tarek anakamatwa kwenye lango la treni ya chini ya ardhi, ngoma mgongoni, na ikajulikana kwamba hana kibali cha kuishi nchini. Kuanzia hapo ni filamu nyingine: chumba cha wageni kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji, kioo katikati, saa za kungoja, mama yake Tarek (Hiam Abbass) anayewasili na kukaa. Tarek anarudishwa kwao. Hakuna muujiza. Mwisho, Walter anakaa kwenye jukwaa la treni na kupiga ngoma kwa nguvu ambayo mtu mpole kama yeye hakuwa nayo hapo mwanzo. Ni lengo jipya, lakini limejaa hasira. Ukiwa unatafuta tabasamu la kwendea kulala, utajuta. Ukiwa unataka kitu cha kuzungumzia na kundi baada ya taa kuwashwa, basi ndiyo hii, na tenga nusu saa ya mazungumzo.

Jambo moja la kiufundi linaloua filamu hii: spika za simu na za kompyuta ndogo hazitoi sauti nzito. Djembe ina milio mitatu mikuu, ule mzito wa katikati ya ngozi, wa wazi wa ukingoni, na wa kofi. Spika ndogo inaumeza ule wa kwanza wote na kukuachia milio miwili mikavu, na Walter anaonekana kama mtu anayegonga meza. Vipokea sauti vya kawaida vya masikioni vinatosha kurekebisha. Kwa kundi, spika yoyote ya nje yenye ukubwa wa tofali ni bora kuliko spika za nyuma ya televisheni bapa.

Central do Brasil: rafiki asiyestahili

Katika tatu nyingine, mtu aliyejifungia ni mwema aliyeumia. Dora si mwema. Ni mwalimu mstaafu anayeketi kwenye stesheni kuu ya Rio de Janeiro akiwaandikia barua watu wasiojua kusoma, kwa malipo. Jioni anazipeleka nyumbani, anazisoma na jirani yake Irene kwa kicheko, nyingine anazichana, nyingine anazitupa kwenye droo. Hazitumi. Mmoja wa wateja, Ana, anagongwa na basi nje ya stesheni na kumwacha mwanawe Josué, mwenye miaka tisa, anayetaka kumfikia baba asiyemjua. Dora anamuuza mtoto huyo kwa watu wanaodai ni wa kuasili watoto, na pesa ananunua televisheni. Haya yote yanatokea mapema. Fernanda Montenegro halainishi chochote, na ndiyo maana alipewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 1998, filamu yenyewe ikichukua Dubu wa Dhahabu.

Anamchukua tena mtoto, na safari inaanza kuelekea kaskazini-mashariki kavu ya Brazili. Mtoto, Vinícius de Oliveira, alikuwa mng'arisha viatu ambaye Salles alikutana naye uwanja wa ndege. Hakuwa amewahi kuigiza, na hilo linasaidia: anapomchukia Dora, anamchukia kweli.

Barua ndizo mikono ya filamu hii. Mwanzoni nyuso zinapita moja baada ya nyingine mbele ya kamera zikisema barua zao, na baadhi ni za wapita njia halisi waliokuja kwenye meza ile wakidhani ni ya kweli, wakatamka barua zao za kweli. Baadaye, wakiwa hawana senti katikati ya umati wa mahujaji, Josué anamtafutia Dora wateja kwa kupiga kelele, naye anaandika tena. Safari hii anazipeleka posta. Hakuna mhusika anayesema "umebadilika". Bahasha zinasema.

Mwisho wake ni kutengana. Dora anaondoka alfajiri kabla mtoto hajaamka, naye Josué anamkimbilia, amechelewa. Ni kilio, lakini cha aina inayomwacha mtu mwepesi. Itamfaa mtazamaji anayechoshwa na wazee wapole wa sinema, na anayejilaumu kwa jambo alilolitenda. Haimfai aliyepoteza mama utotoni, isipokuwa amejua linalokuja, maana kifo cha Ana ni cha ghafla na kiko mwanzoni kabisa.

Ove: kicheko chenye kamba ndani yake

Hii ndiyo inayopendekezwa ovyo kuliko zote. Ove (Rolf Lassgård) ana miaka 59, ameachishwa kazi aliyoifanya miaka 43, mkewe Sonja amefariki, na kila asubuhi anazunguka mtaa akikagua kama mageti yamefungwa na kama kuna gari lililoingia pasiporuhusiwa. Anahamia jirani mpya, Parvaneh (Bahar Pars), mzaliwa wa Iran, mjamzito, mume wake hajui kurudisha gari nyuma lenye tela. Ugomvi wa miaka mingi kati ya Ove mwenye Saab na rafiki yake wa zamani mwenye Volvo ni vichekesho vilivyoshonwa vizuri, na mafunzo ya udereva anayompa Parvaneh ndiyo sehemu bora ya filamu: Ove anafoka, kisha kwa maneno machache ya ukali anampa moyo kuliko mwalimu yeyote mpole.

Lakini fahamu hili kabla hujabonyeza. Uti wa mgongo wa hadithi ni majaribio ya Ove ya kujiua, zaidi ya moja, kwa njia tofauti, na kila mara anakatizwa na jirani mwenye shida. Filamu inafanya mzaha na kukatizwa huko, na kumbukumbu za maisha yake na Sonja zinaingia kupitia nyakati hizohizo, kwa hiyo huwezi kuruka sehemu hizo bila kupoteza hadithi. Mtazamaji aliyetulia atacheka na kulia. Kwa anayepitia siku mbaya, au aliyempoteza mtu kwa njia hiyo, si filamu ya kuwekewa kwa mshangao, hata kama bango lina paka. Ukihisi tu mashaka, chagua nyingine na uzungumze naye badala ya kumwekea filamu.

Kuna toleo la Marekani, A Man Called Otto (2022), la Marc Forster, Tom Hanks akiwa mzee mwenyewe. Lina dakika 126, yaani ni refu zaidi, na lina majaribio yaleyale. Linafaa pale ambapo kusoma maandishi ya chini ni kikwazo. Pasipo kikwazo hicho, chukua la Kiswidi: Lassgård ana ubaridi ambao Hanks, kwa sura yake tu, hawezi kuupata. Humwogopi Hanks hata anapokufokea.

Ukitaka lengo zaidi ya urafiki

Wapo wasiojali sana rafiki, wanachotaka ni ile sehemu ya mtu kuzinduka. Kwao kuna jozi: Ikiru (1952) ya Akira Kurosawa, dakika 143, na Living (2022) ya Oliver Hermanus, dakika 102, mswada wa Kazuo Ishiguro, ikiwa ni ileile iliyohamishiwa London ya miaka ya 1950. Karani wa manispaa anaambiwa anakufa, anamfuata mfanyakazi kijana ili ajifunze uchangamfu wake, kisha anajitosa kuhakikisha uwanja mdogo wa watoto unajengwa. Katika Ikiru anakufa ikiwa imebaki karibu theluthi ya filamu, na kinachofuata ni wenzake kwenye matanga wakibishana alifanya nini. Wengi huona hapo inavuta. Usiikate. Ubishi ule ndio unaoonyesha jinsi ofisi inavyommeza mtu mwema hata baada ya kufa. Anza na Living kama kundi lako halina subira.

Maandishi ya chini yanapoachana na midomo

Kwa Central do Brasil na Ove, hili ndilo tatizo litakalokukuta kama unatumia faili la maandishi lililopatikana kando na filamu. Kuna makosa mawili, na dawa zake ni mbili. La kwanza ni kuchelewa kusikobadilika: maandishi yako nyuma sekunde tatu mwanzoni, na bado ni sekunde tatu baada ya saa nzima. Kwenye programu ya VLC, bonyeza H kuyachelewesha zaidi au G kuyawahisha, kila mbonyezo ukiwa milisekunde 50. Kwa sekunde tatu ni mibonyezo 60, kwa hiyo ni rahisi kuandika namba moja kwa moja kwenye dirisha la ulinganifu wa nyimbo.

La pili ndilo linalowachanganya watu. Maandishi yanaanza sawa, kisha yanaachana polepole. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, au 23.976 kwenye diski na faili nyingi, lakini matoleo ya televisheni ya Ulaya huenda kwa 25. Tofauti ni kama asilimia 4, na kwa saa moja inafika dakika mbili na nusu. Ukisogeza kwa G na H utarekebisha mahali ulipo tu, na dakika kumi baadaye yameachana tena. Tafuta faili lililoandikwa kwa kasi ileile, au badilisha kasi ya maandishi kwenye dirisha lilelile. Jaribu kabla wageni hawajafika: ruka hadi dakika ya 5, kisha ya 90. Zikikubaliana zote mbili, umemaliza.

Na usikubali toleo lililotiwa sauti za lugha nyingine kwa ajili ya kurahisisha. Katika Central do Brasil, sauti kavu ya Montenegro ndiyo nusu ya Dora.

Basi ipi?

Peke yako, usiku, hutaki kuguswa sana: The Station Agent, ukijua kuhusu Olivia. Kundi la watu wazima wanaopenda kubishana: The Visitor. Aliyejichukia na anataka kuona kwamba mtu anaweza kugeuka: Central do Brasil. Familia yenye vijana wakubwa, wote wako salama kimawazo, wanataka kucheka: Ove. Aliyefiwa hivi karibuni ndiye mgumu kuliko wote. Ove imejengwa juu ya mgane na inavutia kudhani itamfariji. Mara nyingi ni mapema mno. Kwake tungeanza na nusu saa ya kwanza ya The Station Agent, halafu tumwache mwenyewe aamue kama tunaendelea.

Ukiwa na mtoto wa miaka kumi na miwili au chini ya hapo sebuleni, hakuna hata moja kati ya hizi nne.